Gari Imekanseli, Nani Kaikanseli?

Kuna mtu ninamtafuta hapa Songea. Simjui jina wala sura, na sijui kama anakaa Bombambili, Lizaboni au huku huku kwetu Matogoro. Ninachojua ni kwamba ana madaraka kuliko mwenyekiti wa mtaa na diwani wakiwekwa pamoja. Anafuta safari za mabasi, anavunja vikao, anazuia mechi Uwanja wa Majimaji, anawarudisha mafundi nyumbani kabla hawajafika kazini, na katika yote hayo hajaonwa na mtu. Sisi tunayakuta mambo asubuhi yameshakanseli.

Yamekanseli. Ndivyo wanavyosema, na wakishasema wanaona wamemaliza.

Mwezi wa saba, kwenye baridi ile ya Matogoro ambayo ukiwasimulia watu wa Dar es Salaam wanadhani unajisifu, nilitoka nyumbani saa tisa za usiku nimevaa sweta juu ya sweta. Nikapanda bodaboda, tukavuka mji mzima mpaka stendi kuu kule Shule ya Tanga. Nilipofika masikio sikuyasikia tena kama ni yangu. Kwenye kibanda cha tiketi alikuwepo kijana amejikunyata, kofia ya sufu imemfika kwenye nyusi. Akaniamkia vizuri kabisa.

“Shikamoo mzee wangu. Pole. Gari imekanseli.”

“Marahaba. Nani ameikanseli?”

“Imekanseli tu, mzee.”

“Imeharibika?”

“Gari nzima kabisa, mzee. Ile pale.”

“Dereva anaumwa?”

“Dereva yupo, anakunywa chai.”

“Abiria hawajatosha?”

“Hayo mimi siyajui mzee wangu, mimi wa tiketi. Ninachojua imekanseli.”

Nikageuka. Basi lilikuwa limeegeshwa hapo hapo, limeoshwa, linang’aa mpaka tairi. Dereva alikuwa anachovya chapati kwenye chai ya rangi bila haraka yoyote duniani. Barabara haikuwa imekatika Lukumburu, hakuna aliyekuwa amefiwa, askari wa usalama barabarani hakuwepo. Safari ilikuwa imekaa yenyewe usiku, imetafakari, ikaona leo isiende.

Nimefundisha Kiingereza sekondari mpaka nikastaafu, kwa hiyo mnivumilie, sarufi lazima iingie humu. Mwingereza akifuta safari ya basi lake, atasema safari “imekanseliwa”. Ile -wa ya mwisho ni silabi moja tu, lakini inaacha mlango wazi. Unaweza kuuliza “na nani?” na sarufi ikakuruhusu: na meneja, na mwenye gari, na mkwe wa mwenye gari. Sisi tumekichukua kitenzi kutoka kwao, tukakivika “ime-” mbele, tukaiacha -wa kule kule Uingereza. Sasa jaribu kuuliza: gari imekanseli na nani? Haisemeki. Hata ungemweka yule kijana chini ya kiapo asingeweza kunijibu, maana lugha yenyewe haimpi pa kulitaja jina.

Wapo watakaosema ninawaonea vijana, kwamba Kiswahili kina ujanja huu tangu enzi. Ni kweli, ninakubali. Tunayo kauli ya kutendeka, na hakuna mtoto wa Kitanzania aliyewahi kuvunja sahani, sahani zimevunjika. Marehemu bibi yangu alikuwa na jibu la kauli hiyo, na jibu lenyewe alilikata kwenye mpera. Pesa za chama nazo hupotea, funguo za ofisi hazionekani, faili la kiwanja halipatikani. Lakini angalau sahani iliyovunjika tunajua imepatwa na jambo. Gari iliyokanseli haijapatwa na lolote. Yenyewe ndiyo mtendaji.

Kilichonifanya nikae chini kulifikiria jambo hili ni daftari la mtoto wa kidato cha kwanza. Matogoro hii tunaishi na chuo cha ualimu. Nyumba isiyo na mwalimu ina mwanachuo aliyepanga chumba cha uani. Msimu wa mazoezi ya kufundisha, wale vijana wa BTP hupita barabarani asubuhi na maandalio yao ya somo kwapani, na jioni hupita tena wakiwa wamechoka kuliko walivyotarajia. Mmoja, binti mwenye adabu sana, huja kusahihishia madaftari kwenye baraza yangu kwa sababu taa yangu ni kali kuliko ya kwake. Siku hiyo akaguna.

“Mwalimu, mtoto huyu kila kitu anakanseli.”

Nikalichukua daftari. Kijana alikuwa ameandika sentensi, ikamkataa, basi akaipiga mistari ya kulalia kulia. Hakuridhika. Akaipiga na mingine ya kulalia kushoto juu ya ile ya kwanza, kwa kalamu ya bluu iliyokuwa inavuja, mpaka maneno yakabaki yanachungulia nyuma ya nondo za dirisha. Chini yake akaandika sentensi nyingine, nayo ilikuwa na makosa, ila mengine.

Nilitamani kumtafuta mtoto huyo nimpe soda. Mkoa mzima wa Ruvuma, yeye peke yake ndiye anayekitumia kitenzi hiki kama kilivyozaliwa.

Maana habari yake ndiyo hiyo. Warumi walikuwa na neno “cancelli”, yaani kimia, fito au vyuma vilivyopishana kama vile tunavyoweka madirishani kuzuia wezi. Kutokana nalo wakapata kitenzi cha kutengeneza kitu kwa mfano wa kimia, na makarani wakakitumia kwa kazi yao: hati ikiisha nguvu, karani anachukua kalamu na kuichora mistari iliyopishana juu ya maandishi, ili mtu yeyote akiiona ajue hiyo si hati tena. Wafaransa wakakipokea, na Waingereza wakakichukua kwa Wafaransa mwishoni mwa karne ya 14. Deni kufutwa, mkataba kubatilika, safari kufutwa, hayo yote yamekuja baadaye, kila kizazi kikikivuta kidogo. Shina lake ni kalamu na mkono wa mtu. Mkono ndio ninaoutaka uuone, msomaji wangu, maana ndio uliopotea njiani kabla kitenzi hakijafika Shule ya Tanga.

Watoto wa hesabu nao hawajambo. Wana tisa juu na kumi na mbili chini, wanatafuta tatu, wanapiga mkwaju juu ya tisa wanaandika tatu, wanapiga mkwaju juu ya kumi na mbili wanaandika nne. “Zimekanseliana,” wanasema. Hapo sina ugomvi, mkwaju ninauona na mpigaji ninamwona, ana chaki mpaka kwenye kope. Hii ya kukanseliana nitairudia, kwa uchungu.

Ajabu ya kimia hicho ni kwamba kimezaa na wakubwa. Katika mahakama za Kirumi alikuwepo mtumishi aliyesimama kwenye kizuizi cha fito kilichowatenga mahakimu na watu. Kazi yake ilikuwa ya mlangoni. Akaitwa kwa jina la kile kizuizi, halafu akapandishwa akawa karani, karani akawa mtunza mihuri, na karne zilivyopita jina likapanda nalo mpaka likawa kansela. Ndiyo, kansela yule yule wa Ujerumani. Na ile sehemu ya mbele kanisani, karibu na altare, Waingereza wanaiita kwa jina la shina hilo hilo, kwa sababu zamani ilizungushiwa kimia. Sisi tuliopiga magoti mbele ya vile vizuizi kupokea komunyo utotoni hatukujua kwamba tuko kwenye somo la Kilatini.

Kwa mtu wa Songea neno kansela si la kuchezea sana. Kansela wa Ujerumani wakati wa Vita vya Majimaji alikuwa Bernhard von Bülow, na ni serikali yake iliyowanyonga wazee wetu hapa mjini tarehe 27 Februari 1906. Tarehe 1 Novemba 2023 alikuja Rais wa nchi hiyo, Frank-Walter Steinmeier, akasimama pale kwenye makumbusho na kuomba msamaha. Ninalitaja kwa sababu moja. Alitamka nani alifanya. Hakusema wazee walinyongeka.

Turudi kwenye mambo madogo.

Shakespeare alikitumia kitenzi hiki, na mimi nilikifundisha miaka nenda rudi bila kukitilia maanani. Macbeth, katika ule mchezo wa mnamo 1606, ameshapanga kumwua Banquo na anauita usiku uje uukanseli na kuuchana ule mkataba mkuu unaomnyima raha. Sasa angalia ustadi: anauambia usiku ufanye hivyo kwa mkono wake, mkono wenye damu, usioonekana. Usioonekana, lakini ni mkono! Hata muuaji, tena anayezungumza na giza, anajua kwamba kitu hakijikanseli. Kijana wangu wa tiketi ameshindwa na Macbeth.

Na wenyewe wenye kitenzi wala hawajaelewana namna ya kukiandika. Wakati uliopita Mwingereza anaweka “l” mbili, Mmarekani moja, kwa ajili ya Noah Webster na kamusi zake za kupunguza herufi. Halafu kwenye jina la tendo wote wawili wanarudi kwenye “l” mbili. Nimetumia wino mwekundu usio na idadi kwenye herufi hiyo, na kila nikisahihisha, mwanafunzi mmoja ananyoosha mkono: “Lakini mwalimu, kwenye simu imeandikwa moja.” Kaa chini.

Wamarekani pia wamekivuta kitenzi mpaka siku hizi mtu naye hukanseliwa. Amesema neno baya, amekanseliwa, wimbo wake haupigwi. Wanaofuatilia wanakumbusha kwamba huko 1981 kundi la Chic lilikwisha kutoa wimbo kuhusu penzi lililokanseliwa, na mmoja wa watunzi wake alikuwa Nile Rodgers. Hapa Matogoro mtindo huo haujashika. Ukisema neno baya msibani watu wanaacha kukuazima toroli, basi, na kila mmoja anakueleza sababu kwa kirefu.

Ningeelewa kama tungekuwa na njaa ya maneno. Hatuna. Mtu anaghairi: alitaka, moyo ukageuka, na moyo ni wake. Kikao kinaahirishwa, maana yake kuna siku nyingine, tunza ajenda. Huduma inasitishwa. Hati inabatilishwa na mwenye mamlaka. Baraza la Mitihani linafuta matokeo ya waliofanya udanganyifu, na hata kama mtoto ni wako unajua ni Baraza. Rais anatengua uteuzi, taarifa inatoka ina jina, tarehe na saini, na mteule anatenguka huku nchi nzima ikijua nani kamtengua. Uchumba unavunjika, na majirani wanamjua aliyeuvunja kabla ya aliyevunjiwa. Kila kitenzi kina kazi yake na kinakuambia ufanye nini kesho. Kanseli imekuja imewameza wote, na kesho hujui usubiri au ukatafute lifti ya lori la mahindi.

Simu yangu nimeiweka Kiswahili. Ukitaka kuacha jambo katikati, kitufe kimeandikwa “Ghairi”. Nilikipenda kitufe hicho toka siku ya kwanza. Mjukuu wangu aliyekuja likizo akaichukua kupiga picha, akakwama hapo.

“Babu, ghairi ndiyo kufanyaje?”

“Ni kubadili nia.”

“Kubadili nia kwenda wapi?”

“Ni kukanseli,” nikasema, na mama yake jikoni akacheka mpaka akaweka mwiko chini.

Ghairi yenyewe, kwa taarifa yenu, imetoka Uarabuni, kwenye shina la kubadilika. Ahirisha ni ya huko, batilisha ni ya huko. Sina shida na kukopa. Ninachodai ni kwamba ukikopa kitenzi ukikope na mtenda wake.

Maana ubaya wa kanseli haupo kwenye kamusi, upo mfukoni. Na sasa nafika kwenye sendofu.

Jirani yetu mmoja alikuwa anamwaga binti yake. Kamati ikaundwa, kadi za michango zikagawiwa, nikaahidi shilingi 50,000 na, tofauti na wajumbe wengi ambao ninawafahamu, nikalipa mapema. Vikao vilifanyika Jumapili baada ya ibada. Tulijadili rangi ya vitambaa kwa muda ambao tungeweza kuandika katiba. Tukachagua mpishi, tukachagua emsii, tukabishana kama kikundi cha lizombe kiingie kabla ya keki au baada. Mwenyekiti wa kamati alikuwa hodari, kila mtu akimpinga anamwandika kwenye kamati ndogo.

Halafu wiki moja kabla, ujumbe ukaingia kwenye simu zetu sote: “Habari wanakamati. Sendofu imekanseli. Mungu awabariki.”

Nikausoma tena. Imekanseli vipi? Kama imeahirishwa, pesa zangu zinakaa zisubiri tarehe mpya, sina neno. Kama bwana harusi ameghairi, basi upande wa bwana harusi kuna mazungumzo yake, na wazee wapo kwa kazi hiyo. Kama uchumba umevunjika, michango inarudi kwa wenyewe, kila mtu na chake. Hayo ni mambo matatu, na kila moja lina njia tofauti kwa shilingi 50,000. Lakini ujumbe ulikuwa na kitenzi kimoja tu, na kitenzi chenyewe hakikusema chochote isipokuwa Mungu atubariki.

Nikampigia mwenyekiti. “Mwalimu, hata mimi nimesikia imekanseli,” akasema, na ndiye aliyeuandika ujumbe.

Nikamwendea baba wa binti, nikamkuta anakata majani ya ng’ombe. Sikutaka kumchokonoa mtu mwenye uchungu, nikazunguka kwanza kwenye mvua, mbolea, bei ya mahindi. Mwisho akasema mwenyewe: “Ndiyo hivyo Mwalimu, mambo ya vijana. Imekanseli.” Sikumwuliza zaidi. Kuna siku kitenzi kisicho na mtenda kinamsaidia mtu, na siku hiyo nilimwachia.

Lakini mweka hazina si baba wa binti. Mama yule nilimfuata kwake jioni, tukaamkiana, nikakaribishwa kiti, nikaletewa ulanzi kwenye kikombe cha bati, nikaweka kikombe chini ili kichwa kisiniyumbe.

“Mama, nimekuja kwa ajili ya ule mchango.”

“Enhe, Mwalimu, karibu sana. Ngoja nilete kauntabuku.”

Akaileta. Naapa sijatia chumvi: ukurasa mzima ulikuwa mistari iliyopishana. Majina yamepigwa kulia, yamepigwa kushoto, karani wa Kirumi asingeweza kufanya vizuri zaidi.

“Hawa waliokanseliwa,” nikauliza, “ndio waliolipa au ndio ambao hawajalipa?”

“Inategemea, Mwalimu. Wengine wamelipa. Wengine walihama kamati. Huyu tulimwandika mara mbili.”

“Na mimi?”

Akafuata kwa kidole mpaka chini. Jina langu lilikuwepo, limefungiwa vizuri nyuma ya nondo.

“Wewe ulilipa. Yako imekanseliana na maturubai.”

“Imekanseliana vipi?”

“Yaani mchango wako ndio uliolipia arubuni ya maturubai na viti. Kwa hiyo wewe hudai na mwenye maturubai hadai. Mmekanseliana.”

Nikamwambia mwenye maturubai mimi simfahamu, hatujawahi kuonana, na siwezi kukanseliana na mtu nisiyemjua. Akanijazia ulanzi.

“Halafu mama, sendofu haikufanyika. Maturubai nayo si yalikanseli?”

“Yalikanseli, Mwalimu. Ila yalikanseli yakiwa yameshalipiwa.”